Idhini ya Kupuliza

Mgeni aingiapo katika makumbusho ya Lamu huonyeshwa siwa mbili za kale, moja ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na moja ya shaba iliyo ya Lamu yenyewe, na akiinama kuzitazama kwa karibu huona kwamba tundu la kupulizia haliko nchani, kama lilivyo katika tarumbeta za askari, bali liko ubavuni. Siwa haikuwa chombo cha kila mtu. Ilisikika katika arusi na shughuli kubwa za waungwana, na asiyekuwa wa ukoo wao hakuthubutu kuileta mlangoni pake illa kwa idhini. Nimeanza na siwa, ingawa mtu ninayetaka kumsimulia alizaliwa mbali na bahari yetu, kwa sababu kila niwekapo juu ya gramafoni santuri ya Louis Armstrong iitwayo West End Blues hunijia swali lile lile la Lamu: ni nani mwenye idhini ya kupuliza?

Santuri hiyo ilirekodiwa mjini Chicago tarehe 28 Juni 1928. Desturi ya bendi za siku zile ilikuwa ni kuanza kwa pamoja, kila ala ikishika nafasi yake katika mlio wa jumla. Lakini hapa tarumbeta inaingia peke yake, bila ya ngoma wala kinanda, inatamka noti nne zilizosimama wima, kila moja kwa haki yake, kisha inapanda mbio hadi kileleni na kuteremka kwa mizunguko, na kabla msikilizaji hajajua atazamie nini zimekwisha pita sekunde kumi na mbili au kumi na tatu, na wenzake wanaingia taratibu, kwa staha, kama watu waliokuta mazungumzo yamekwisha kuanza. Karibu na mwisho anaishika noti moja ya juu na kuing'ang'ania kwa vipimo vinne, haitikisiki, haipungui, hata mtu husahau kuvuta pumzi yake mwenyewe. Mpulizaji alikuwa hajatimiza miaka 27. Sidai kwamba jazz ilizaliwa katika sekunde hizo, kwa maana ilikwisha kuwa na wazee wake. Nadai kwamba hapo ndipo ilipodhihirika kuwa mtu mmoja, kwa pumzi yake moja, aweza kusema mbele ya jamaa nzima na akasikilizwa.

Louis alizaliwa New Orleans, katika jimbo la Louisiana, tarehe 4 Agosti 1901. Yeye mwenyewe alitaja maisha yake yote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, sikukuu ya uhuru wa taifa lake, na tarehe ya kweli haikupatikana hata alipokwisha kufariki, ilipoonekana katika daftari la ubatizo la kanisa. Baba yake aliwaacha mapema. Mama yake, Mary Albert, ambaye watu walimwita Mayann, alikuwa fukara na kijana mno, na mtoto akalelewa miaka yake ya kwanza na bibi yake Josephine, katika kichochoro cha Jane Alley, kitongoji ambacho wenyeji wenyewe walikipa jina la Uwanja wa Vita kwa wingi wa visu na bastola. Alikuwa mjukuu wa watu waliozaliwa utumwani.

Lakini mji huo wa ufukara ulikuwa na utajiri wake. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha, ala za shaba zilizokuwa za bendi za majeshi zilikwisha ingia mikononi mwa watu weusi, na vyama vya kuzikana na kusaidiana viliajiri bendi kwa kila tukio, maiti akisindikizwa makaburini kwa nyimbo za taratibu za simanzi, na waombolezaji wakirudi mjini kwa muziki wa kasi wenye kuchezeka. Msomaji wa Mombasa au Lamu asiistaajabie habari hii. Nasi pia, katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, vijana wetu walizitwaa ala za bendi za mabwana wakubwa, wakazigeuza kuwa ngoma ya beni, wenye vyama vyao, vyeo vyao na mashindano yao barabarani. Hawakupashana habari, watu wa Mississippi na watu wa pwani yetu. Shaba ile ile ilianguka katika mikono inayofanana, ikalia.

Alipokuwa mtoto Louis alifanya kazi katika gari la familia ya Karnofsky, Mayahudi waliohamia kutoka Lithuania, waliokuwa wakinunua makopo na matambara na kuuza makaa mitaani. Alipewa kipembe cha bati apulize kuita wateja. Yeye ameandika kwamba familia hiyo ilimtangulizia pesa za kununua koneti yake ya kwanza, tarumbeta fupi iliyokuwa imekaa kwa dola 5 katika duka la rehani, na ameandika kadhalika jinsi alivyoketi mezani pao akala chakula chao na kusikia jinsi Wazungu wengine walivyowatusi. Naye akavaa shingoni nyota ya Daudi hata uzeeni.

Usiku wa kuamkia mwaka 1913, watu wakishangilia barabarani, kijana huyo wa miaka 11 alitoka na bastola ya mume wa mama yake na kupiga hewani. Polisi wakamkamata papo hapo, na hakimu akampeleka katika nyumba ya marekebisho ya watoto weusi. Sipendi maneno mepesi ya wale wasemao kwamba kifungo hicho kilikuwa bahati njema, kwa kuwa hakuna bahati katika kumtoa mtoto kwa mama yake kwa kosa la kelele za sikukuu. Lakini kilichotokea ndani ya nyumba ile ni lazima kisimuliwe. Mwalimu wa muziki, Peter Davis, mwanzoni hakumtaka kabisa, kwa sababu ya mtaa alikotoka. Muda ukapita, akampa tari, kisha ngoma, kisha parapanda ya kuwaamshia na kuwalazia wenzake, na hatimaye koneti, na mwisho akamfanya kiongozi wa bendi. Siku bendi hiyo ya watoto ilipopita katika mitaa ya kwao, Louis akiwa mbele, makahaba na wacheza kamari waliomjua tangu utoto walitoka milangoni wakataka kumtunza, wakajaza sarafu kofia za watoto wenzake, na fedha ile, kama alivyosimulia, ikatosha kuwanunulia wote ala mpya na sare mpya.

Alipofunguliwa mwaka 1914 alichukua makaa kwa mkokoteni mchana na kupiga koneti usiku. Ustadhi wake wa kweli alikuwa Joe Oliver, ambaye watu walimpa lakabu ya King, mpulizaji aliyeheshimiwa kuliko wote mjini. Louis alitumwa sokoni na mke wa Oliver, na ujira wake ukawa mafunzo. Oliver akampa hata koneti yake kuukuu, jambo ambalo kijana yule hakulisahau. Oliver alipohamia Chicago, Louis alishika nafasi yake katika bendi ya Kid Ory, kisha akapanda meli za Mississippi katika bendi ya Fate Marable, ambako alijifunza kusoma noti. Mwezi wa Agosti 1922 ikaja simu ya maandishi kutoka Chicago: Oliver anamhitaji mpulizaji wa pili.

Kazi ya pili katika bendi ni kazi ya adabu, kwa sababu mpulizaji wa pili humsikiliza wa kwanza na kumfuata kwa chini, asimzidi wala asimfunike. Louis aliifanya kwa mapenzi. Lakini kifua chake hakikujua kuficha. Bendi ilipokwenda Richmond, Indiana, mwezi wa Aprili 1923 kurekodi santuri zake za kwanza, wanamuziki wote walikusanyika mbele ya pembe moja kubwa iliyokusanya sauti, kwa kuwa maikrofoni zilikuwa bado hazijatumika, na Lil Hardin, mpiga kinanda wa bendi hiyo, amesimulia jinsi Louis alivyosogezwa nyuma mbali na wenziwe, kwa maana akisimama karibu na Oliver, Oliver hasikiki. Lil alimtazama akisimama kule peke yake na uso wa huzuni, akidhani amefukuzwa, na yeye akafahamu asilolifahamu Louis mwenyewe: kwamba mtu anayewekwa mbali ili wengine wasikike ndiye mkubwa wao. Wakaoana mwaka 1924, na mwanamke huyo, aliyesoma muziki kuliko wote waliokuwa katika bendi ile, ndiye aliyemshikilia amwache ustadhi wake na kutafuta nafasi ya kwanza. Historia humtaja kwa haraka mno. Mimi naona bila ya Lil Hardin tungekuwa na mpulizaji wa pili hodari, na basi.

Alikaa New York mwaka mmoja katika bendi ya Fletcher Henderson, akarudi Chicago, na tarehe 12 Novemba 1925 akaingia chumba cha kurekodia cha kampuni ya OKeh na bendi yake mwenyewe, Hot Five: Lil katika kinanda, Kid Ory katika tromboni, Johnny Dodds katika klarineti na Johnny St. Cyr katika banjo. Katika miaka mitatu iliyofuata, yeye na bendi hiyo na zile zilizoifuata walibadili muziki wa ulimwengu. Kabla yake, uhodari wa jazz ya New Orleans ulikuwa katika kusokotana kwa sauti, kila mmoja akiishika yake na hakuna anayebaki peke yake kwa muda mrefu. Yeye akaupa kisa, mwanzo na kati na mwisho, akisimulia mtu mmoja. Zaidi ya hayo aliilegeza saa ya muziki: alichelewa kidogo, akawahi kidogo, akaegemea mapigo bila ya kuyaangukia, hata wale waliokuwa wakipiga sawasawa kwa hesabu wakaonekana kama wanatembea na miguu ya mbao. Na katika Heebie Jeebies ya mwaka 1926 aliyaacha maneno ya wimbo akaimba vitamko visivyo na maana yoyote illa utamu wake. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, lakini baada ya santuri ile kila mwimbaji alijua kwamba koo nayo ni ala. Billie Holiday na Bing Crosby wote wawili wamekiri deni lao kwake.

Narudi kwenye West End Blues, kwa sababu kuna jambo ambalo sharti lisemwe. Wimbo ule si wake. Aliutunga Joe Oliver, aliyeurekodi mwenyewe siku chache tu kabla. Mwanafunzi aliupokea kutoka kwa ustadhi, akaufungulia mlango mpya, na mlango huo ukampita ustadhi mwenyewe. Ufizi na meno vilimharibikia Oliver, bendi yake ikavunjika, na mwaka 1937 Louis alipofika Savannah, Georgia, alimkuta akiuza mboga barabarani. Louis na wanamuziki wake wakampa fedha walizokuwa nazo, na usiku ule Oliver akaja kuwasikiliza, amevaa vizuri kama zamani. Mwaka uliofuata akafariki.

Shaba ina ushuru wake. Louis aliukandamiza mdomo kwenye chuma kwa nguvu isiyo na huruma, usiku kwa usiku, akipanda noti za juu mfululizo watu wakizihesabu, hata midomo ikapasuka na kufanya sugu, na katika miaka ya 1933 na 1934 ikamlazimu kupumzika Ulaya kwa miezi. Anayetazama picha zake kwa karibu ataiona alama katikati ya mdomo wa juu, imefanya duara la kipulizio, kama muhuri. Kitambaa cheupe alichokishika daima, ambacho wengi walidhani ni pambo la jukwaani, kilikuwa cha kufutia jasho la kazi hiyo.

Na idhini? Mwaka 1931 alirudi New Orleans kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, naye sasa ni mtu mashuhuri. Alipigia katika ukumbi wa Wazungu, na watu wake mwenyewe, wasioruhusiwa kuingia, wakakusanyika nje kwa maelfu kumsikiliza kupitia madirishani. Onyesho lile lilitangazwa redioni, na mtangazaji mzungu, aliposhika maikrofoni, akakataa kumtambulisha mtu mweusi. Louis akaiambia bendi impigie mlio mmoja mkubwa, akaenda mwenyewe mbele ya maikrofoni, akajitambulisha, akaanza kazi.

Baada ya hapo alikuwa na miaka mingi ya jaha: sinema, safari za Ulaya, bendi yake ya All Stars tangu mwaka 1947, na nyumba ya kiasi mtaani Corona, Queens, aliyoinunua mkewe wa nne, Lucille, mwaka 1943, ambayo hakutaka kuihama ingawa angeweza kujenga kasri. Katika miaka hiyo vijana wa jazz walimlaumu. Walisema anacheka mno, anawafurahisha Wazungu, anatoa macho kama vikaragosi vya zamani. Nimeufikiri ushahidi wao na siuoni kuwa ni uwongo mtupu. Kuna filamu zake ambazo ni maumivu kuzitazama. Lakini kicheko kile kilizaliwa Uwanja wa Vita, ambako kucheka hakukuwa kujidhili, na Dizzy Gillespie, mmoja wa waliomlaumu, aliandika baadaye kwamba alikosea, na kwamba alichokiona kuwa unyonge kilikuwa ni mtu aliyekataa kunyang'anywa furaha yake.

Mwezi wa Septemba 1957 gavana wa Arkansas aliweka askari mlangoni pa shule ya Little Rock ili watoto tisa weusi wasiingie. Louis alikuwa katika mji mdogo wa Grand Forks, North Dakota, na mwandishi kijana, mwanafunzi, akapata nafasi ya kuingia chumbani kwake hotelini. Mzee akafunguka. Alisema Rais Eisenhower hana ujasiri na ana nyuso mbili, akamtaja gavana kwa jina la dharau, akasema hatakwenda Urusi kwa niaba ya serikali inayowatenda hivyo watu wake. Gazeti halikusadiki, likamtaka mwandishi arudi apate uthibitisho. Louis akayasoma yaliyoandikwa, akasema asiondoe neno, akatia saini. Walimkasirikia Wazungu, na baadhi ya weusi pia walimwona amevuka mpaka. Siku chache baadaye rais alipeleka askari wa jeshi kuwaingiza watoto shuleni. Kwao New Orleans hakukanyaga kupiga muziki tangu mwaka 1956, sheria ya jimbo ilipozuia weusi na weupe kupiga jukwaa moja, hata mwaka 1965.

Afrika aliijia mara ya kwanza mwezi wa Mei 1956, huko Gold Coast. Bendi za Accra zilimpokea uwanja wa ndege kwa tarumbeta, na katika umati akamwona mwanamke aliyefanana mno na marehemu Mayann, akayakini kwamba asili yake ni hapo. Alimpigia Kwame Nkrumah ule wimbo wake wa Black and Blue, wimbo wa mtu anayeuliza kosa lake ni nini zaidi ya rangi yake, na katika filamu iliyopigwa siku ile uso wa Nkrumah unaonekana ukishikwa na huzuni.

Safari ya pili, mwaka 1960, ina kivuli ambacho sitakikwepa. Ilikuwa na mkono wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mjini Léopoldville, Kongo, tarehe 28 Oktoba, watu walimbeba Louis kitini mabegani, kwa ngoma, hadi uwanja wa michezo, na yeye akacheka na kupunga mkono. Na katika mji huo huo, siku hiyo hiyo, Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa madarakani, alikuwa amezingirwa na askari nyumbani mwake. Mwezi uliofuata Louis alipiga Elisabethville, katika Katanga iliyojitenga, mbele ya watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, na ni karibu na mji huo Lumumba alipouawa tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 1975 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilifichua kwamba maofisa wa ujasusi wa nchi hiyo walikwisha panga kumwua Lumumba wakati ule ule. Aliyepuliza hakujua, lakini katika serikali iliyomtuma walikuwamo waliojua. Nimekwisha kusema kwamba siwa haipulizwi bila ya idhini, na katika Kongo ndipo ninapoona uchungu wa neno hilo, kwa kuwa mwenye kutoa idhini aweza kuitaka sauti ya mpulizaji ifunike sauti nyingine.

Hata hivyo jazz ilikwisha fika kwetu kabla ya safari hiyo, walau kwa jina. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz: ukiwasikiliza utasikia rumba ya Kuba na gitaa za Kongo kuliko blues za Mississippi, na wanaojifanya wajuzi wamewahi kuwacheka kwa hilo. Wamekosea. Katika kinywa cha mtu wa dansi, jazz ilikuwa na maana ya tarumbeta na saksafoni, suti zilizopigwa pasi, na vijana wa mjini wanaojisemea wenyewe. Na kwa maana hiyo walikuwa na haki ya jina hilo kamili.

Mwaka 1964, Louis akiwa na miaka 62, santuri yake Hello, Dolly! iliwaondoa Beatles katika nafasi ya kwanza Marekani. What a Wonderful World ya mwaka 1967 haikuuzwa kwao, ikapendwa Uingereza, na Wamarekani wakaifahamu alipokwisha kuwa kaburini. Alifariki nyumbani kwake Corona, usingizini, tarehe 6 Julai 1971, akaacha mamia ya kanda alizorekodi mwenyewe, za muziki na za mazungumzo ya usiku na marafiki, na maboksi yake ameyapamba kwa picha alizozikata magazetini kwa mkono.

Limebaki jambo moja, na msomaji wa Masasi ataniwia radhi kwa kulichelewesha. Kabla ya kuwa askofu wa huko kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, padri Mwingereza Trevor Huddleston alifanya kazi Johannesburg, na huko alimtafutia tarumbeta ya kwanza mvulana mmoja wa shule aliyekuwa mtundu, jina lake Hugh Masekela. Watoto wengine nao wakataka ala, ikazaliwa bendi. Huddleston alipoondolewa Afrika Kusini alipita Marekani, akakutana na Louis Armstrong, akamsimulia habari za watoto wale. Na Louis, mtoto wa nyumba ya marekebisho, akatoa moja ya tarumbeta zake ipelekwe kwao. Ilifika mwaka 1956. Ipo picha ya Masekela aliyopigwa na tarumbeta ile mkononi: kijana wa miaka 17, amejirusha, miguu yote miwili imeiacha ardhi, kinywa wazi, na shaba inang'aa juani.